Msemaji wa Kampuni Ana Deni kwa Nani?



Tangu toleo lililopita zimefika kwa Mhariri barua tatu zenye kuuliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Mbili zatoka kwa wenzetu wa Voi. Wao wauliza: je, kampuni ina haki ya kutangaza ya kwamba ajali imetokana na kosa la mfanyakazi, hali uchunguzi haujaanza? Barua ya tatu imeandikwa na binti wa mwanachama mmoja wa huku kwetu Mghange. Binti huyu amepata kazi mjini katika ofisi ya uhusiano mwema, yaani ile ofisi inayoandika taarifa za kampuni kwa magazeti, kwa redio na kwa hizi simu zetu. Yeye auliza: nikiamriwa kuandika neno ninalojua si kweli, nifanye nini?

Nimeziweka barua hizi pamoja kwa kuwa wale wa Voi ndio wanaoandikwa, na huyu binti ndiye anayeandika. Wote ni watu wa kazi. Wote wanakula mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo chama hakiwezi kuwajibu hawa kikamwacha yule.

Kwanza nataka kuondoa dharau moja. Wengi wetu tukisikia kazi ya uhusiano mwema twacheka, twasema ni kazi ya kupaka chokaa ukuta uliooza. Si haki kusema hivyo. Gari la moshi likichelewa saa nne, na abiria wako Voi wamekaa juu ya mizigo yao, mama ana mtoto mgonjwa, mzee ana shauri mahakamani Mombasa, ni lazima mtu mmoja awaambie kweli: gari limekwama mahali fulani, sababu ni hii, litafika saa fulani, na nauli itarudishwa hivi. Mtu huyo akisema kweli mapema, anawasaidia abiria, anamsaidia stesheni masta asitukanwe, na anaisaidia kampuni yenyewe. Kazi hiyo ni ya heshima kama kazi ya gadi.

Tena sisi watu wa reli tusijifanye wageni wa kazi hii, maana ilikulia relini. Mwezi Oktoba 1906 huko Marekani gari la kampuni ya Pennsylvania Railroad lilianguka kutoka darajani karibu na Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya makampuni ya reli siku zile ilikuwa kufunga mdomo na kuwafukuza waandishi wa magazeti. Lakini kampuni ile ilikuwa imemwajiri bwana mmoja jina lake Ivy Lee, naye akashauri kinyume: waandishi wapelekwe mahali pa ajali, wapewe habari iliyoandikwa, waulize watakalo. Mwaka huohuo alitangaza kanuni zake kwamba kazi yake itafanywa waziwazi, na kwamba mwandishi yeyote akitaka kuhakikisha habari atasaidiwa kuihakikisha. Hata leo wanaojifunza kazi hii husomeshwa habari za bwana huyu.

Ila yafaa wasomeshwe na yaliyofuata. Mwezi Septemba 1913 wachimbaji wa makaa ya mawe wa jimbo la Colorado waligoma. Mwajiri mkubwa kule alikuwa Colorado Fuel and Iron Company, na mwenye sehemu kubwa ya kampuni hiyo alikuwa Rockefeller. Wagomaji walitolewa katika nyumba za kampuni, wakakaa mahemani pamoja na wake zao na watoto mahali paitwapo Ludlow. Tarehe 20 Aprili 1914 askari waliishambulia kambi ile, mahema yakachomwa moto. Katika shimo chini ya hema moja walikutwa wamekufa wanawake 2 na watoto 11.

Watu walikasirika nchi nzima, na ndipo Rockefeller alipomwita Ivy Lee. Naye akaanza kutoa vikaratasi, mfano wa gazeti letu hili, akavipeleka kwa watu wakubwa wa nchi nzima. Ndani yake aliandika, pamoja na mambo mengine, ya kwamba viongozi wa chama cha wachimbaji wamelipwa mapesa mengi sana kwa wiki 9 tu za mgomo. Kumbe hesabu ile ilikuwa ya mwaka mzima! Mtu asomaye aliona viongozi wanakula fedha ya maskini, na chama kikapata jina baya. Hata baadaye, Tume ya Serikali ilipomweka Bwana Lee mbele yake na kumwuliza alifanya nini kuhakikisha habari zile, jibu lake lilikuwa kwamba alipewa na wenye kampuni, naye akazichapa.

Wenzangu, litazameni jibu hilo vizuri. Hakusema, nilikusudia kudanganya. Alisema, niliandika nilichopewa. Mtu wa relini akijibu hivyo hafiki mbali. Mtu wa pointi hawezi kusema, nilipitisha gari kwa kuwa fulani aliniambia njia ni nyeupe, na mimi sikutazama. Dereva hawezi kusema, niliondoka kwa kuwa nilisikia breki zimepimwa. Kila mmoja wetu ana sahihi yake, na sahihi maana yake ni kwamba nimetazama kwa macho yangu au najua ni nani aliyetazama. Basi kwa nini mtu wa kalamu asidaiwe vivyo hivyo? Taarifa mbaya nayo yaweza kumwangusha mtu.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani. Tsavo si mbali na Voi. Kila mgeni anayeshuka huku huelezwa habari za simba wawili wa mwaka 1898, wale waliokula wajenzi wa reli darajani. Bwana Patterson, aliyewaua, alitoa kitabu chake mwaka 1907. Humo alisema waliouawa ni Wahindi 28, na juu yao Waafrika wengi ambao hawakuandikwa katika hesabu yoyote. Miaka ikapita, naye katika kijitabu kilichotolewa kwa ajili ya jumba la makumbusho la Chicago, lililonunua ngozi za simba hao, akasema watu 135. Mwaka 2009 wataalamu walipima nywele na mifupa ya simba wale, wakakadiria kwamba waliwala watu kama 35. Hesabu ilikua kwa kuwa hadithi kubwa yavuta watu. Lakini linaloniuma mimi si ile 135. Ni wale Waafrika ambao hawakuandikwa. Babu zetu waliokufa pale hawana hata namba, na hadithi imeuzwa miaka zaidi ya mia, na hoteli zimeitwa kwa majina ya simba.

Sasa nirudi kwa barua za Voi.

Ajali ya gari la moshi huwa na baba wengi. Yaweza kuwa reli imepasuka, mataruma yameoza, nati zimeibwa, ishara imekufa, breki hazikushika, mzigo umezidi, amri ya mwendo haikufika, au mtu amekaa kazini saa kumi na sita na macho yake yamechoka. Na hata mtu akikosea kweli, yafaa kuuliza ni nani aliyempanga kazi ile kwa saa zile. Kuyajua haya kwataka siku nyingi na watu wenye vipimo. Lakini kuandika maneno "kosa la kibinadamu" kwahitaji dakika mbili.

Mwenzetu mmoja wa kampuni ambayo sitaitaja alisomwa hivyo. Alikuwa bado yuko hospitali, mguu umefungwa, na tayari taarifa ilikuwa imetoka kwamba dereva hakufuata kanuni. Jina lake halikuwamo, lakini dereva wa gari lile alikuwa mmoja tu! Watoto wake walichekwa shuleni. Baba mkwe wake alipiga simu kutoka Taveta kuuliza kama kweli alikuwa amelewa, hali taarifa haikutaja pombe hata kidogo. Neno la kwanza lilizaa la pili, na la pili likazaa la tatu. Majuma yakapita, wachunguzi wakaandika kwamba breki zilikuwa na kasoro iliyokwisha ripotiwa. Je, taarifa ya pili ilitoka? Haikutoka. Alipewa barua ndani ya bahasha ya khaki, akarudi kazini, basi.

Watu husema, ndiyo mambo ya wakubwa, tutafanya nini? Mimi nasema kuna mengi ya kufanya, maana sheria ya nchi haikunyamaza.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 35, yampa kila mtu haki ya kutaka habari isiyo kweli au yenye kupotosha, inayomhusu na kumdhuru, isahihishwe au ifutwe. Haikusema mkubwa peke yake. Yule mwenzetu angeweza kuandika barua akitaja kifungu hicho na kudai taarifa ya pili itoke palepale ilipotoka ya kwanza. Kifungu hichohicho champa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine au kampuni, ikiwa anazihitaji ili kuilinda haki yake. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka na siku: ofisa aliyeombwa hana budi kujibu ndani ya siku 21, na kama ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Akikataa, mashtaka yapelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, yasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya kosa, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi awe na mwenzake au mjumbe wa chama karibu naye, na asikilizwe. Sasa fikirini. Kampuni iliyokwisha kutangaza kwa nchi nzima kwamba dereva ndiye mkosa, itakaa vipi mezani na kusema imekuja kumsikiliza? Imekwisha kuhukumu. Mjumbe wetu yeyote atakayekaa katika kikao cha namna hiyo na aichukue ile taarifa ya magazeti, aiweke mezani iwe kitu cha kwanza.

Tena kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Mtu akifa kazini, mwajiri sharti ampashe habari ofisa wa usalama wa eneo ndani ya saa 24, na kuandika ndani ya siku 7. Nalitaja hili kwa sababu kampuni nyingine zadhani zikishasema na waandishi wa magazeti zimemaliza kazi. Taarifa ya magazeti si ripoti ya ajali. Mjumbe aulize: je, ofisa ameandikiwa?

Na mtu aliyechafuliwa jina aweza kushtaki mahakamani. Hapa nawaonya, ndugu zangu, msilale. Muda wa kushtaki kwa kuvunjiwa jina ni miezi 12 tu tangu neno lile kutolewa. Nimeona watu wakingoja uchunguzi uishe, kisha wakingoja mkutano wa wakubwa, kisha wakingoja Krismasi, mwaka ukapita.

Liko jambo la picha pia. Siku hizi mtu aweza kujiona juu ya ubao mkubwa barabarani, amevaa kofia ngumu na kucheka, chini yake pameandikwa jinsi kampuni inavyowapenda wafanyakazi wake, na yeye hakuulizwa, na pengine hajalipwa saa za ziada. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeingia hapo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi Shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha starehe kikatozwa Shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Sura ya mtu ni mali yake. Akitaka kuitoa, na aitoe kwa kuombwa.

Wengine watauliza kama Serikali nayo yashikwa na sheria hizi. Yashikwa. Mfano uko kwenye reli ileile inayopita hapa Voi. Madaraka Express ilipoanza kuchukua abiria mwezi Juni 1, 2017, tulipewa sherehe, bendera na nyimbo, lakini mikataba ya mkopo hatukupewa. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta aliahidi mbele ya waandishi kwamba atautoa mkataba. Haukutoka. Raia wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwezi Mei 2022 Jaji John Mativo akaamuru habari zitolewe. Novemba mwaka huohuo Waziri Kipchumba Murkomen akaitoa mikataba ya mkopo hadharani. Sherehe ni ruhusa, lakini msemaji anayeonyesha bendera na kuuficha mkataba hajatimiza deni lake.

Sasa kwako, binti yetu.

Umeuliza ufanye nini. Sikwambii uache kazi kesho, maana najua mshahara wako unawasomesha wadogo zako. Nakwambia hivi. Ukipewa habari ya kuandika, uliza ni nani aliyeona, na yuko wapi aulizwe. Ukiambiwa usiulize, andika mstari mmoja kwa mkubwa wako: sijaweza kuhakikisha jambo hili, naomba nionyeshwe. Weka nakala nyumbani. Ajali ikitokea, andika yanayojulikana: saa, mahali, waliojeruhiwa wamepelekwa wapi, jamaa zao wapige simu gani, na kwamba uchunguzi unaendelea. Maneno hayo ni ya kweli na hayamdhuru mtu. Sababu iache mpaka wachunguzi waseme.

Tena ujue tofauti kati ya kutunza siri na kusema uongo. Kampuni ina siri zake za halali: bei ya zabuni, karatasi za daktari za mfanyakazi, mipango ambayo haijapitishwa. Ukikaa kimya juu ya hayo hukosei, na ukiyatoa ovyo utakuwa umevunja amana. Lakini daraja likiwa na ufa, ukaandika kwamba ni salama, hiyo si siri. Na hata kunyamaza tu hapo hakufai, maana watu watapita juu yake.

Wakikufukuza kwa kukataa kutia sahihi uongo, njoo chamani mapema na zile nakala zako. Sheria ya Ajira, kifungu cha 43, yamtaka mwajiri ndiye athibitishe sababu ya kumwachisha mtu. Wala usidhani wenye kazi yako hawana adhabu zao wenyewe. Wana chama chao hapa Kenya tangu 1971, nacho kina kanuni. Huko Uingereza palikuwa na kampuni kubwa sana ya kazi hii, Bell Pottinger, iliyolipwa na kampuni ya akina Gupta kiasi cha Pauni 100,000 kwa mwezi kwa kazi ya Afrika Kusini. Ikachochea chuki ya rangi ili watu wasiitazame familia ile. Septemba 2017 chama cha kazi hiyo kiliifukuza kwa muda usiopungua miaka 5, wateja wakakimbia, na kabla mwezi haujaisha kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Walioumia kwanza, kama kawaida, walikuwa makarani ambao hawakujua fedha ile yatoka wapi.

Wako watakaosema kwamba Mhariri anawahubiria wengine. Na sisi je? Gazeti hili nalo ni msemaji. Nalo lina mwenyewe, yaani ninyi. Mwezi huu aliletwa kwangu mtu na karatasi isiyo na jina, yenye kusema msimamizi fulani amekula fedha za viatu vya kazi. Sikuichapa. Nimeuliza orodha ya waliopokea viatu, na mwenye karatasi hajarudi. Msimamizi yule simpendi, nasema wazi, lakini ana watoto shuleni kama yule dereva. Ikiwa orodha itapatikana na hesabu haitimii, nitaichapa pamoja na jibu lake.

Halmashauri ya tawi imekubali kupeleka mambo haya katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja na mwajiri: kwamba taarifa yoyote ya ajali isitaje kosa la mfanyakazi, kwa jina wala kwa cheo, mpaka ripoti ya wachunguzi itolewe, kwamba taarifa ikionekana si kweli, sahihisho litoke mahali palepale na kwa ukubwa uleule, kwamba picha ya mfanyakazi isitumiwe bila idhini yake ya maandishi, na kwamba mfanyakazi wa ofisi ya habari asiadhibiwe kwa kuomba kuonyeshwa ushahidi. La kwanza ndilo litakalopingwa sana. Najua watasema magazeti hayangoji. Jibu letu liwe kwamba magazeti yaweza kupewa saa, mahali na hesabu ya majeruhi siku ileile, na hakuna aliyekufa kwa kungoja sababu.

Mwanachama mwenye taarifa ya kampuni iliyomtaja yeye au mwenzake, ikiwa katika gazeti au katika simu, alete nakala yake kwa mjumbe wa gengi au wa ofisi yake kabla ya mwisho wa mwezi, pamoja na tarehe ilipotoka. Zile ambazo miezi 12 yake inakaribia kwisha zitashughulikiwa kwanza. Vifungu vyote nilivyovitaja vimebandikwa ukutani katika ofisi ya tawi, na asiyejua kusoma Kiingereza cha sheria atasomewa na karani wetu Jumamosi asubuhi.

Mhariri